Porsche 944 iliyolala miaka sita chini ya makuti: niiwashe au niiuze?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni msimamizi wa nyumba huku Casuarina, Malindi. Mzee wa Kiitaliano niliyemfanyia kazi miaka mingi amerudi kwao kwa sababu ya umri, akaniachia gari lake: Porsche 944 ya 1986, gia ya mkono, usukani wa kulia. Halijawashwa miaka sita. Limekaa chini ya banda la makuti, limefunikwa turubai. Rangi bado nzuri, dashibodi imepasuka, tairi mbili zimelala. Fundi wa mtaani kalitazama akasema injini haina neno, tulete betri ya pikapu, tumimine petroli mpya, tupige starta. Wengine wanasema niliuze kama lilivyo, ati pwani haifai gari la namna hii. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hujasoma mstari wa pili, nenda ukachukue ufunguo wa hilo gari uutie mfukoni mwako. Usimwachie mtoto, usimwachie fundi, wala usimwachie mgeni anayetaka kusikia sauti yake tu. Na betri ya pikapu irudi kwenye pikapu.

Sababu ni mkanda wa mpira. Injini ya 944 ina silinda 4 zenye ujazo wa lita 2.5, na mbele yake, chini ya vifuniko vya plastiki, iko mikanda miwili yenye meno. Mkubwa ndio wa taiming: unaifunga kamshafti (shafti inayofungua vali) kwa krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni), ili kila vali ifunguke na kufungwa kwa zamu yake. Kwenye injini kadhaa za Toyota tulizozizoea, kama 4A-FE, mkanda ukikatika gari linazima, unalivuta hadi gereji, unafunga mpya na safari inaendelea. Kwa 944 hakuna huruma hiyo. Pistoni na vali zinatumia nafasi ileile kwa kupishana. Mkanda ukikatika, au ukiruka meno machache tu, pistoni inapanda na kuikuta vali iko wazi, vali inapinda. Ziko 8, na si ajabu zikapinda zote.

Fundi wako atakujibu kwamba mkanda ameushika na hauna ufa. Sawa. Lakini mgongo wa mkanda huohuo, ule upande usio na meno, ndio unaozungusha pampu ya maji. Pampu iliyokaa miaka sita na maji yaliyokufa ndani yake inaweza kushika kutu kwenye beringi ikagoma. Injini ikiwaka, mkanda unaburuzwa juu ya puli isiyozunguka. Hapo hata mkanda wa jana haudumu.

Nakwambia kwa sababu nililifanya kosa hilo kwa mikono yangu. Ilikuwa miaka ya tisini, niko Mombasa, bado kijana, najiona fundi. Likaletwa 944 lililosimama miaka mitatu. Nikatia betri, nikatia petroli, nikazungusha ufunguo, likawaka. Mwenyewe akacheka kwa furaha, nami nikasimama mikono kiunoni kama niliyeliunda mimi. Haikupita dakika mbili nikasikia harufu ya ndara iliyotupwa motoni. Nikadhani ni uchafu unaungua. Kisha likapiga "tak!" moja, kimya. Nilipojaribu starta tena injini ilizunguka nyepesi, haina kigugumizi, kama cherehani isiyo na kitambaa. Sauti ile sijaisahau: ni injini isiyo na mgandamizo hata silinda moja. Hedi ile, kichwa cha injini chenye vali, niliilipa kwa kukatwa mshahara mpaka mwaka uliofuata.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzungusha injini kwa mkono. Ondoa plagi zote nne. Dondoshea oili kidogo kwenye kila tundu, kijiko kimoja cha chai kinatosha, uache usiku kucha iteremke kwenye ringi za pistoni. Kesho yake tia boksi ya milimita 24 kwenye bolti ya krankshafti, zungusha pole pole kwa upande mmoja tu, kama mshale wa saa ukitazama kutoka mbele ya gari. Zungusha mizunguko miwili kamili, maana kamshafti huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krankshafti. Kitu kikikugomea, simama hapo hapo. Usiongeze bomba kwenye spana kupata nguvu. Kinachogoma kina sababu, na sababu ya kawaida ni ileile pampu, au silinda iliyoshika kutu.

Hata ikizunguka kama siagi, mikanda yote miwili inatoka. Wanaoyajua magari haya hawaupitishi mkanda miaka minne au mitano, limetembea au halikutembea, kwa sababu mpira huzeeka kwa joto na kwa muda. Wako una sita ya kusimama tu, na hatujui mzee aliubadilisha lini kabla ya hapo. Badilisha pamoja na rola zake, pampu ya maji, na sili za mbele za krankshafti na kamshafti. Sili ikivuja, oili inamwagikia mkanda mpya na umerudi ulikotoka.

Mkanda wa pili ni mwembamba, na ndio unaowachanganya mafundi. Injini ya silinda nne ikiwa kubwa kiasi hiki hutetemeka kwa maumbile yake, kwa hiyo Porsche walitia shafti mbili za kusawazisha, moja kila ubavu, zinazozunguka mara mbili ya kasi ya krankshafti. Ujuzi huo waliununua kwa Mitsubishi, wakawa wanawalipa. Ukikosea alama za mkanda huu gari litawaka na kutembea, lakini usukani utakutetemekea mkononi, na utaanza kubadilisha mipira inayoshikilia injini bure. Tena ukikatika, vipande vyake vinaweza kuingia kwenye mkanda wa taiming. Usiudharau kwa wembamba wake.

Sasa kukaza. Gari la 1986 hukazwa kwa mkono. Ile ya kujikaza kwa springi ilikuja na magari ya 1987. Fundi akikuonyesha kwamba anausokota mkanda kwa vidole, ukigeuka robo mzunguko basi uko sawa, mwambie ahsante na umpe soda. Njia hiyo inafaa magari mengine. Mkanda wa 944 ukilegea unaruka meno, ukikazwa mno unalia kama filimbi na kuua pampu. Kipo kifaa maalumu cha kupimia, na hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Waulizie mafundi wa Porsche walioko Nairobi. Ukishindwa kukipata, mlipe mtu nauli aje nacho siku moja. Na baada ya kutembea kama kilomita 3,000, pima tena, kwa sababu mkanda mpya hunyooka.

Hapo umemaliza kilichoweza kuua injini. Kinachoweza kukuua wewe ni mipira ya petroli.

Petroli ya miaka sita haifai hata kuwashia jiko. Inanuka kama vanishi, na ukiipaka kidoleni inanata. Imwage yote, wala usiivute kwa mdomo. Badilisha filta iliyoko chini nyuma, karibu na pampu. Halafu fungua boneti utazame mipira inayoingia na kutoka kwenye bomba la injekta. Ikunje kwa vidole viwili. Ukiona mipasuko midogo kama ya kisigino kikavu, basi ndiyo hiyo. Petroli iko ndani kwa shinikizo, na chini yake kuna injini ya moto. Magari mengi ya aina hii yamekufa kwa moto ulioanzia hapo, mwenyewe anasikia harufu asubuhi, anasema atatazama Jumamosi. Usinunue mpira wa kabureta wa dukani unaokatwa kwa futi; haukutengenezwa kwa shinikizo hilo. Taka mpira wa injekta, na klemu zake zisiwe zile zenye meno yanayokata.

Sasa bahari, kwa sababu ndilo ulilouliza hasa. Watu huiogopea bodi, na bodi ya 944 ndiyo iliyojitahidi zaidi: chuma chake kilipakwa zinki pande zote kiwandani, ndiyo maana rangi ya mzee bado inang'aa. Chumvi ya hapa inakula vitu vidogo visivyoonekana. Inakula miguu ya fyuzi, vichwa vya waya, na sehemu waya wa hasi unapogusa bodi. Nikiletewa 944 la pwani halitaki kuwaka, huwa sianzii kwenye injini. Naanza na relei moja ya mraba kwenye boksi la fyuzi, inayoitwa relei ya DME. Ndiyo inayoipa umeme kompyuta ya injini na pampu ya petroli kwa pamoja. Ikifa, starta inapiga vizuri, lakini hakuna petroli wala cheche.

Nikiifungua ganda lake nikaigeuza, nachukua lenzi, hata ya simu inatosha, natazama vidoti vya lehemu kwenye miguu yake. Kidoti kizima kinang'aa na kimeshikana na mguu pande zote. Kilichokufa kina pete nyembamba nyeusi kuzunguka mguu, nyembamba kama unywele wa mtoto. Joto la jua linaipanua, pete inafunguka, gari linazima sokoni. Jioni kukipoa inashika, linawaka, na wewe unaambiwa una mashetani kwenye gari. Kulehemu upya ni kazi ya nusu saa. Lakini nunua mpya, na ile ya zamani ukishailehemu iweke ndani ya gari kama akiba.

Hiyo relei ina faida nyingine kwako sasa. Ukiichomoa, unaweza kupiga starta bila injini kuwaka. Oili mpya ikishaingia na filta mpya, plagi zikiwa bado nje, piga starta sekunde kumi, pumzika, rudia, mpaka mshale wa oili kwenye dashibodi uinuke. Ndipo urudishe plagi na relei. Beringi zilizokauka miaka sita hazitaki kuamshwa kwa kelele. Kwa joto letu 20W-50 ya madini inafaa kabisa, usidanganywe na oili nyepesi ya bei kali.

Tukiwa kwenye umeme: betri ya gari lako iko kwenye kona ya nyuma ya chumba cha injini, juu ya sahani ya chuma. Asidi ikivuja inaitoboa sahani, mvua ya masika inapita kwenye tundu na kuingia ndani ya gari, na kompyuta ya injini iko kwa chini upande huohuo wa ndani. Inua betri, kwangua, mulika tochi. Ukiona tundu, lizibwe kabla ya kitu kingine chochote cha urembo.

Maji. Hapa nina ugomvi na nusu ya mafundi wa pwani. Bloku ya injini hii ni alumini tupu iliyochanganywa na silikoni, na pistoni zinateleza kwenye alumini hiyohiyo. Hakuna slivu ya chuma ndani. Ukitia maji ya kisima cha Malindi, ambayo hata chai yake unaionja chumvi, unaila injini kutoka ndani. Tia kuleni halisi (dawa ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale ya betri. Ukijaza, gari liinue pua, hita ifunguliwe hadi mwisho, na ulegeze skrubu ya kutolea hewa iliyo juu pale bomba la maji linapotoka kwenye hedi, mpaka yatoke maji bila mapovu. Hewa ikibaki, mshale wa joto unapanda na watu wanaanza kulaumu hedi.

Na ukifungua mtungi wa maji ukakuta rojo kama chai ya maziwa iliyoganda, usikubali hedi ifunguliwe siku hiyo. Ubavuni mwa bloku kiko kipozeo cha oili kinachopozwa na maji, na sili zake zikichoka oili na maji hukutana hapo. Hiyo ndiyo hujaribiwa kwanza. Nimeona hedi tatu zimefunguliwa kwa kosa la sili ya bei ya nauli. Na mtu akikwambia silinda zimekwaruzika, atazichonga kama za pikapu, lifunge gari uondoke nalo. Bloku hii haichongwi kwa mtindo wa mtaani.

Breki sitazirefusha: mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ni nusu maji. Yatoe yote, tia DOT 4, mipira ya breki minne mipya, na kalipa zifunguliwe zisafishwe hata kama zinaonekana zinafanya kazi. Baadaye kila miaka miwili. Tairi zote zitupwe, si hizo mbili zilizolala tu. Ubavuni utaona tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2314 maana yake wiki ya 23 ya 2014. Zenye umri huo zina kashata nzuri lakini mpira umekuwa kama ubao, na lami yetu ikinyeshewa baada ya kiangazi inateleza kama sabuni.

Klachi iombee dua. Kwenye gari hili injini iko mbele na giaboksi iko nyuma kabisa, katikati yao kuna shafti ndani ya bomba refu. Ndiyo siri ya gari hili kutulia kwenye kona, uzito wake umegawanyika karibu nusu kwa nusu. Lakini kubadilisha klachi ni kuteremsha ekzosi, kushusha giaboksi na kurudisha bomba nyuma, kazi ya siku kadhaa. Klachi za asili zilikuwa na kitovu cha mpira, na mpira ule huchanika. Ukiingiza gia na kuachia klachi, ukasikia gari linachelewa halafu linapiga kishindo, ndiyo hiyo. Kama imegandana tu kwa kusimama, mara nyingi huachia ukilisukuma gari likiwa na gia ya tatu huku umekanyaga klachi. Jaribu hilo kwanza.

Turubai liondoe leo. Linashika unyevu usiku na kuupika mchana. Makuti yanatosha, hewa ipite. Msimu wa kusi bahari inapochafuka na upepo unakuja na chumvi, lioshe kwa maji baridi kila wiki, na uelekeze mpira chini, ndani ya matao ya magurudumu na kwenye kingo za milango, siyo juu ya boneti inayoonekana na majirani. Vitundu vya kutolea maji ya paa la jua vizibue kwa uzi wa breki ya baiskeli. Dashibodi iliyopasuka iache. Zote zimepasuka, hata za Ulaya kusiko na jua.

Je, uuze? Hili si gari adimu. Yalitengenezwa zaidi ya 160,000, tena kwenye kiwanda cha Audi pale Neckarsulm, na ndiyo heri yako, maana spea bado zipo na watu wa Uingereza na Ujerumani wanazituma. Malindi yenyewe imezoea vyuma vya wageni tangu Waitaliano waliporusha setilaiti pale Ngomeni mwaka 1967. Lakini halitakuwa gari la kwendea sokoni. Ukiwa huna pesa za mikanda, pampu, mipira, tairi na breki kwa mkupuo mmoja, liuze kama lilivyo, na mwambie mnunuzi ukweli kwamba halijawashwa. Gari lisiloguswa lina bei kuliko lililoguswa vibaya. Ukiwa nazo, lifufue. Mimi ningelifufua. Kwa vyovyote vile, logbook, kadi ya umiliki, ianze: kama bado ina jina la mzee, afanye uhamisho wa NTSA (mamlaka ya usafiri) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, angali hai na anapokea simu. Linganisha namba ya chesisi na ya karatasi kwa macho yako.

Siku litakapowaka, weka mkebe wa kuzimia moto karibu na mtu mmoja amesimama ubavuni. Tazama mshale wa oili, si wa mizunguko ya injini. Usipopanda ndani ya sekunde chache, zima. Ukipanda, acha lipate joto hapo hapo mpaka feni za rejeta ziwake zenyewe. Halafu lipeleke Mambrui, pole pole, madirisha wazi ili usikie. Ukisikia sauti kama kokoto ndani ya kopo unapokanyaga mafuta, punguza mguu: mgandamizo wake ni 10.6 kwa 1, injini haina kihisi cha kuizuia isinoki, yaani petroli isilipuke vibaya ndani ya silinda, kwa hiyo kihisi ni sikio lako, na petroli iwe ile bora ya kituo. Matuta yapande kwa upande, gurudumu moja moja, kwa sababu sampu ya oili ni alumini na iko chini. Ukivuka daraja la Sabaki simama mahali pa kivuli, zima, lala chini na tochi uhesabu matone. Tone la maji ya AC ni halali. Mengine yote nipigie picha, na kando ya tone weka shilingi kumi nijue ukubwa wake.